Vidimbwi vya ngazi kwa mtindo wa travertini katika bustani ya Nairobi: mwongozo kamili

Bustani nyingi za Karen, Runda, Kitisuru na Lang'ata zina kona yenye mteremko na miti ya zamani ambayo mwenyewe hajui aifanyie nini. Hapo ndipo panapofaa vidimbwi vya ngazi: mabeseni meupe yaliyopangana juu ya mengine, maji yakishuka taratibu kutoka ukingo hadi ukingo chini ya majani. Mfano wake wa asili uko Pamukkale nchini Uturuki, Plitvice huko Kroatia, Huanglong nchini China, na Semuc Champey ndani ya msitu wa Guatemala. Mwongozo huu ni wa kujenga ngazi tano na tangi moja la chini, kazi ambayo fundi mmoja na wasaidizi wawili wanaiweza ikiwa vipimo vitaheshimiwa.

Kipimo kinachoharibu kazi nyingi ni kimoja: usawa wa ukingo. Kwa hiyo tuanze na jinsi chemchemi yenyewe inavyousawazisha.

Chemchemi hujengaje ukingo

Maji ya mvua hupita kwenye udongo na kubeba kabonidayoksaidi inayotokana na mizizi na majani yanayooza. Maji hayo huwa na asidi kidogo, yakaiyeyusha miamba ya chokaa chini ya ardhi. Yakitokea juu, gesi ile hutoka hewani, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hukosa cha kuishikilia, ikaganda kuwa jiwe. Jiwe hilo ndilo travertini.

Gesi hutoka kwa wingi pale maji yanapokuwa membamba na yenye kasi, yaani juu ya ukingo, kuliko katikati ya kidimbwi yanapotulia. Tawi lililoanguka, mzizi au kuvumwani, ule uoto laini wa kijani wa kwenye mawe mabichi, huwa kianzio: maji huruka juu yake, jiwe likaganda, ukingo ukapanda. Sehemu ya ukingo iliyo chini kidogo hupitiwa na maji mengi zaidi, kwa hiyo hujengeka upesi hadi ikawa sawa na nyingine. Ndiyo maana kingo za asili zimenyooka kwa usawa wa ajabu bila mtu kuzipima. Zikivunjika, usawa huo hupotea mara moja. Tetemeko la Jiuzhaigou la tarehe 8 Agosti 2017 lilipasua ukingo wa ziwa moja la travertini, na maji yakalikimbia.

Nairobi chemchemi haitakufanyia kazi hiyo. Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni maji laini ya milima ya Aberdare, yenye chokaa kidogo mno. Badala ya kugandisha jiwe, hulilamba polepole. Maji ya visima virefu vya mjini mara nyingi yana sodiamu, bikabonati na floraidi nyingi huku kalisiamu ikiwa haba, kwa hiyo nayo hayajengi travertini. Yeyote anayekuahidi kwamba ukingo utakua wenyewe humu mjini hajapima maji. Umbo la travertini utalijenga kwa mwiko.

Mahali na udongo

Kwanza jua udongo wako. Udongo mwekundu wa Karen, Runda na upande wa Kiambu ni tulivu. Ukishindiliwa unabeba kidimbwi bila shida. Udongo mweusi unaopasuka, ule wa Syokimau, Embakasi, Athi River na sehemu za Lang'ata, huvimba masika na kunywea kiangazi, na utauvunja ukingo wowote wa saruji utakaoulaza juu yake. Kama ndio ulio nao, ondoa kina cha sentimita 60 hadi 90 na ujaze maramu, tabaka za sentimita 15, kila moja ikinyunyizwa maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Anayeona gharama ya maramu ni kubwa afadhali aache kazi hii kabisa.

Miti nayo ichaguliwe kwa macho mawili. Kivuli cha nusu hadi theluthi mbili ya siku kinafaa, lakini acha uwazi wa anga juu ya angalau vidimbwi viwili, kwa sababu weupe wa chini na mwanga wa anga ndivyo vinavyoyapa maji ule ubuluu. Chini ya kivuli kizito maji yaleyale huonekana ya kijani. Usijenge karibu na mugumo au mikaratusi: mizizi yake hufuata unyevu na hupenya ufa mdogo hadi kuufanya mkubwa. Mukinduri ni mti mzuri wa kivuli, ila huangusha majani mengi kiangazi, na majani hayo yakilala majini siku nne tano huyafanya ya kahawia kama chai ya rangi.

Usichote maji ya mto, chemchemi au kisima kipya kwa ajili ya kazi hii bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maji yanayozunguka hayahitaji mengi baada ya kujazwa mara ya kwanza, na ya paa yanatosha kufidia.

Vipimo vya kufuata

Kila kidimbwi kina upana wa mita 1.2 kukata mteremko, na sentimita 80 kufuata mteremko. Kina ni sentimita 25. Ukingo wa mbele upinde kuelekea chini, na sehemu inayomwaga maji iwe sentimita 80; pembeni zote ziwe juu ya ukingo huo kwa sentimita 5. Kutoka ukingo hadi ukingo maji yashuke sentimita 15. Kila kidimbwi cha juu kiingie juu ya kile cha chini kwa sentimita 10 hadi 15, ili maji yanayoteleza kwenye uso wa ukuta yaangukie ndani na si kwenye maungio. Kwa ngazi tano hiyo inatoa urefu wa mita 3.4 hivi na mwinuko wa sentimita 75.

Tangi la chini liwe mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 60: lita 1,800. Usilijaze hadi mdomoni. Pampu ikizimwa, maji yote yaliyo juu ya kingo, pamoja na ya kwenye bomba, hurudi chini. Acha nafasi ya sentimita 8 chini ya bomba la kumwagia ziada. Bomba hilo lifungwe wavu mdomoni.

Vifaa: mifuko 11 ya saruji ya kilo 50, tani 1.5 ya mchanga wa mto. Wavu wa kuku wa kutosha tabaka tatu. Nondo za milimita 8. Waya wa kufungia. Mfuko mmoja wa saruji nyeupe. Vumbi la marumaru nyeupe, karai mbili kwa kila karai ya saruji nyeupe. Kilo 20 za kokoto za marumaru kama zile za sakafu ya terazo. Mpira wa plastiki unaoonekana ndani, mita 10, wa kupimia usawa. Na jiwe la mkono la kusugulia terazo.

Jaribu mchanga kabla ya kuulipia. Tia mchanga nusu chupa ya lita moja, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope litakalokaa juu likizidi sehemu 1 kwa 15 ya mchanga, ukatae au uuoshe. Mchanga wenye tope hutoa plasta inayopasuka nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo hazionekani mpaka maji yaanze kupungua.

Kujenga, kutoka chini kwenda juu

Anza na tangi. Udongo unaochimba ndio utakaoinua ngazi kama kiwanja ni tambarare, nao ushindiliwe kwa tabaka zilezile za sentimita 15. Udongo uliomwagwa tu utakaa chini mwaka mzima, ukivuta ngazi pamoja nao.

1. Chonga umbo la kidimbwi kwenye udongo, sentimita 5 kubwa kuliko kipimo cha mwisho. Shindilia, nyunyizia maji.

2. Funga nondo kufuata umbo, nafasi ya sentimita 20, kisha tabaka tatu za wavu wa kuku zilizopishana. Wavu uende bila kukatika kutoka kidimbwi cha chini kupanda ukuta hadi sakafu ya kile cha juu. Ukikatwa kwenye maungio, hapo ndipo patakapovuja.

3. Changanya saruji 1 kwa mchanga 2 kwa karai. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa saruji, na kama mchanga umelowa punguza. Mafundi wengi huongeza maji ili plasta itelezeke. Kila lita ya ziada inaacha vitundu ndani maji yakishakauka.

4. Sukuma plasta kwenye wavu kwa kidole gumba na mwiko mpaka itokee upande wa pili, unene wa sentimita 4, na 5 kwenye tangi. Kila kidimbwi kimalizwe kwa siku moja. Plasta ya leo haishikani vyema na ya jana.

5. Funika kwa magunia yaliyolowa na uyaloweshe mara tatu kwa siku kwa siku 7. Jua la Januari au Februari hapa Nairobi hukausha plasta kabla haijakomaa, kwa hiyo weka turubai juu ya magunia.

Bomba la kupandisha maji, la milimita 32, lipite pembeni ya ngazi na si chini yake, ili siku likiziba usivunje kitu.

Ukingo

Hapa usiharakishe. Maji yanayopita juu ya ukingo wa sentimita 80 yakiwa na kimo cha milimita 5 ni karibu lita 1,800 kwa saa. Yakiwa na kimo cha milimita 8, ni lita 3,700. Maana yake ni kwamba kosa dogo la usawa linabadilisha kila kitu: mahali palipo juu kwa milimita 3 patapata robo tu ya maji yanayopita mahali palipo sawa, na palipo juu kwa milimita 5 patakauka kabisa. Matokeo ni mrija mmoja unaomwagika kando na ukingo mweupe mkavu usio na uhai. Pimamaji ya kawaida haitoshi kwa usawa wa milimita moja, hasa kwenye ukingo uliopinda.

Tumia maji yenyewe. Jenga ukingo kwa plasta ya kawaida hadi milimita 5 chini ya kimo cha mwisho, unene wa sentimita 6 hadi 8, mgongo wake ukiwa mviringo. Acha ukomae. Zungushia ukingo udongo wa mfinyanzi kwa muda, jaza kidimbwi maji hadi yaguse kimo unachotaka, subiri upepo utulie, halafu piga alama za penseli kila baada ya sentimita 10 pale maji yanapogusa vijiti vya mbao ulivyosimamisha kwenye mgongo wa ukingo. Alama hizo ni sawa kuliko kamba yoyote. Mpira wa plastiki utautumia kulinganisha kidimbwi na kidimbwi.

Toa maji, lowesha plasta, kisha paka tabaka la mwisho la saruji nyeupe 1 kwa vumbi la marumaru 2 hadi kwenye alama. Pandisha milimita moja zaidi, kwa makusudi, ili ubaki na cha kusugua baadaye. Uso wa ukuta unaoshuka usisimame wima kabisa. Uinamishe kidogo, kama nyuzi 75, ili maji yaung'ang'anie na kuteleza kama utando. Ukitaka mikunjo ile ya travertini, chora kwa kidole mistari ya mlalo iliyopinda ndani ya plasta mbichi, yenye kina cha milimita 3 hivi. Usiiweke kwenye mgongo wa ukingo.

Baada ya siku 7 washa pampu na ukae mbele ya kila ukingo na jiwe la terazo mkononi. Pale palipo pakavu, sugua kwa miduara midogo, jiwe likiwa limelowa, mara kumi, kisha tazama. Utando wa maji utaanza kusogea kuelekea ulipogusa. Mara ya kwanza hutambaa kwa ncha, halafu hufunika. Chemchemi huongeza jiwe pale maji yanapopita. Wewe unaondoa pale yasipopita, na mwisho wake ni uleule. Kidimbwi kimoja kinaweza kula asubuhi nzima. Ukisugua kupita kiasi usijazie kwa kiraka, kwani kiraka chembamba hubanduka. Shusha ukingo wote.

Kwa ukoko wa kweli, japo mwembamba, kuna maji ya chokaa. Koroga kilo moja ya chokaa ya ujenzi iliyozimwa kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, acha itulie siku moja, chota maji angavu ya juu tu. Lita moja hubeba takriban gramu 1.7 za chokaa, na ikikutana na kabonidayoksaidi ya hewani huacha gramu 2 na kidogo za jiwe lilelile la travertini. Paka kwa brashi kwenye ukingo mkavu, acha ukauke, rudia mara kumi na tano. Ndiyo kemia inayotoa vile vijiti vyeupe vinavyoning'inia chini ya madaraja na maegesho ya zege mjini. Vaa glavu na miwani: maji hayo yanaunguza macho vibaya.

Pampu na umeme

Hesabu inataka lita 1,800 kwa saa kwenye mwinuko halisi, nao ni kutoka uso wa maji ya tangi hadi kidimbwi cha juu pamoja na msuguano wa bomba: weka mita 2. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya mwinuko wa sifuri, kwa hiyo usinunue pampu ya lita 2,000. Tafuta iliyo na mchoro unaoonyesha lita 2,500 kwa mita 2, kisha punguza kwa koki. Ya wati 60 ikifanya kazi saa 10 kwa siku hutumia uniti 18 kwa mwezi.

Umeme karibu na maji si kazi ya kubahatisha. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, waya upite ndani ya bomba sentimita 50 chini ya ardhi, na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, iwe lazima. Tangi nalo lifunikwe kwa wavu wa chuma ulio imara, juu ya uso wa maji, kama kuna mtoto yeyote anayefika hapo. Hata sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha.

Maji ya kwanza, kisha mimea

Saruji mpya hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali cha maji, kupita 11. Jaza, acha wiki moja, mwaga, rudia mara tatu. Mwagia kwenye shimo la kokoto, si kwenye mtaro unaoelekea mtoni. pH ikishuka chini ya 8.5, weka kilo 20 za kokoto za marumaru kwenye mfuko wa wavu ndani ya tangi. Hizo huzuia maji laini ya mfereji kula kingo zako, maana yatashiba chokaa kutoka humo kwanza. Maji mapya ya mfereji yakae wazi siku moja au mbili ili klorini itoke.

Panda kangaga pembezoni, hasa aina ya majani membamba ya Adiantum, ambayo porini huota juu ya travertini yenyewe. Mafunjo yakae kwenye ndoo ndani ya tangi, kamwe yasiachiwe mizizi. Kuvumwani chukua kwenye mawe ya shamba lako, usikwangue kwenye misitu ya Karura wala Oloolua. Kisugue kwenye nyuso za ukuta zenye kivuli. Kitashika kwa miezi michache na kulainisha kila kona.

Yanayoharibika na sababu zake

Kijani kwenye weupe ndani ya wiki tatu ni mwani unaolishwa na jua na mbolea. Mara nyingi mbolea inatoka kwenye nyasi iliyo juu ya mteremko, kwa hiyo chimba mfereji mdogo wa kukinga maji ya mvua. Sugua kwa brashi ya nailoni. Usitumie jiki, na usitumie asidi wala siki kabisa: zinayeyusha ukingo, na kazi ya jiwe la terazo inaanza upya.

Maji yakipungua, usiite fundi kabla ya kupima. Zima pampu, weka alama ya utepe kwenye kila kidimbwi, na weka ndoo iliyojaa kando yake. Baada ya saa 24 linganisha. Ndoo itakuwa imeshuka milimita chache kwa mvuke. Kidimbwi kilichoshuka zaidi ya hapo kina ufa. Kama vyote viko sawa na ndoo lakini tangi hushuka pampu ikiwaka, maji yanarukia nje au yanapita nyuma ya ukingo kwenye maungio. Kiangazi, tarajia kuongeza lita 35 hadi 50 kwa siku kwa mvuke pekee.

Maji yanayorudi nyuma chini ya ukingo badala ya kuteleza ni dalili ya mtiririko mdogo: chini ya kimo cha milimita 3 hushikamana na jiwe na kutangatanga. Fungua koki. Kama bado, kichujio cha pampu kimeziba.

Mbu hutaga kwenye pembe zisizo na mwendo na kwenye vidimbwi siku pampu inapozimwa muda mrefu. Ukisafiri zaidi ya siku tano, toa maji na kausha ngazi zote. Samaki wadogo wa gapi kwenye tangi husaidia, ila wasipate njia ya kufika mtoni.

Kukanyaga kingo ni marufuku kwa kila mtu, mwenye nyumba akiwemo. Plitvice ilipiga marufuku kuogelea mwaka 2006, na Pamukkale wageni huvua viatu kabla ya kupanda. Hapo ni jiwe linaloweza kujijenga tena kwa miaka. Ukingo wako una milimita 5 za saruji nyeupe tu. Weka mawe ya Ndarugu kando ya ngazi kama njia ya kupita, na mwenye kusafisha asimame juu ya hayo.

Majani yatolewe kwa wavu mara mbili kwa wiki, kila siku wakati wa kiangazi kama una mukinduri. Mfuko wa kokoto za marumaru usuuzwe kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya masika na kabla ya vuli pitia kingo zote pampu ikiwaka, ukiwa na penseli, na uweke alama palipokauka. Udongo husogea kidogo kila mvua, na jiwe la terazo litahitajika tena.